Kofia Isiyokutana

Kofia ilirudishwa Jumamosi baada ya adhuhuri, na mwenye kuirudisha hakuvua hata viatu. Alisimama kizingitini, akaitoa kwenye mkoba kwa vidole viwili, akainyoosha mbele.

"Wifi, hebu itazame hii."

Huyo alikuwa Sahla, dada wa marehemu mume wa Bi Rayhana. Nyumba yake iko Malindi, lakini mdomo wake hauna mtaa. Utaukuta Mambrui, utaukuta Matsangoni, hata mazikoni utaukuta umetangulia. Kofia ilikuwa ya mwanawe Hilal, ya kuvaa siku ya nikahi, na Bi Rayhana alikuwa ameishona kwa mkono miezi mitano.

"Ina nini?"

"Ina nini! Haikutani."

Asiyeijua kazi ile hawezi kujua uzito wa neno hilo, basi na tulieleze. Kofia ya mkono hutobolewa vitundu kwa sindano nene, kisha kila kitundu huzungushiwa uzi wa hariri mpaka kikasimama chenyewe. Vitundu hufanya ua, na maua huzunguka kichwa. Ya Bi Rayhana yalikuwa maua kumi na sita, kila ua vitundu kumi na saba, si kimoja zaidi, si kimoja pungufu. Ukihesabu sawasawa, ua la mwisho huja likakutana na la kwanza, na mtu akautafuta mshono mpaka akachoka. Ukikosea, ua la mwisho linakatika kati, nusu huku nusu kule, na mvaaji anatembea na aibu yako kichwani. Wengine huchora kwa penseli kwanza. Bi Rayhana hakuchora maisha yake yote. Alihesabu moyoni, midomo ikichezacheza, kama alivyofundishwa na mamake, na Mambrui nzima ilimjua kwa hilo miaka arobaini.

"Hili lina kumi na tisa," Sahla alisema, akidonoa kwa ukucha. "Hili kumi na tano. Hili sijui umefanya nini. Nimehesabu mwenyewe, na miwani yangu. Hayo si macho, wifi. Macho yangepotosha tundu, yasingepotosha hesabu." Akashusha sauti, ile sauti ya huruma iliyo mbaya kuliko tusi. "Mamako, Bi Kaltuma, Mungu amrehemu, naye alianza hivihivi. Watu wanasema. Na lisemwalo lipo. Kama halipo, laja."

"Harusi lini?"

"Wiki tisa. Lakini usijisumbue, tutanunua dukani."

"Sikukuuliza mtanunua wapi. Iache kofia hapo, uende zako."

Ndivyo alivyokuwa Bi Rayhana binti Habib: umri miaka sitini na mmoja, mfupi, ulimi mkali, na hajawahi kumlilia mtu mbele yake. Lakini Sahla alipokwisha kupinda kona, aliketi mkekani ghafla, kofia mkononi.

Yale maneno alikuwa ameshajiambia mwenyewe. Mamake alianza kwa kupotewa na hesabu. Kisha akatia chumvi kwenye chai. Kisha akauficha ufunguo ndani ya pipa la unga, ikabidi kufuli livunjwe. Mwisho alikuwa akimtazama Rayhana, aliyemwosha na kumlisha miaka sita, akisema, "Mwondoeni mwanamke huyu chumbani kwangu." Tangu hapo dua ya Bi Rayhana ilikuwa moja: Ya Rabbi, miguu chukua, macho chukua, akili niachie.

Na sasa? Sasa alihesabu ua moja mara mbili akapata majibu mawili. Aliingia jikoni akasimama, asijue amefuata nini. Mwezi uliopita amesahau rakaa mara tatu, akasujudu sijida ya kusahau mara tatu, akaona haya mbele ya Mola wake. Alipokuwa msichana kofia kama ile ilimchukua miezi miwili. Hii ya Hilal miezi mitano, na bado imetoka kilema.

Zeina, mwanawe wa pekee, aliyeolewa Mombasa, alikwisha kumwambia waziwazi: "Mama, ikianza, sitakuacha huko peke yako. Utahamia kwangu, na mambo ya sindano basi." Kuhamia ghorofa ya nne! Kukalishwa kwenye kochi, kulishwa uji, kuulizwa mbele ya wageni kama anajua leo ni siku gani. Bi Rayhana aliona bora azikwe.

Jumapili, baada ya alfajiri, aliichukua ile kofia na wembe, akaanza kuifumua. Kitambaa kilikwisha kuharibika, tundu likishatobolewa halizibiki, lakini alitaka kuona amekosea wapi. Alitaka kumjua adui yake sura.

Ua la kwanza, kumi na saba. La pili, kumi na saba. La tatu, kumi na tisa. Akalitazama, na hapo kikamjia kitu. Hapa, alipokuwa katika tundu la saba, simu ililia ikaleta tanzia ya mzee mmoja wa kule Adu, mtu asiyemjua baba wala mama, na wakataja mpaka shamba lake la mihogo. La nne na la tano yalikuwa sawa. La sita, kumi na tano: hapa ilikuja picha ya biriani, eti "karibuni", na biriani yenyewe iko Maskati! La tisa: sauti ya Sahla, dakika nne nzima, juu ya rangi ya vitambaa vya meza za harusi. La kumi na moja: Sahla, waridi na salamu. La kumi na tatu: Sahla tena, waridi lilelile.

"Ala!" alisema kwa sauti, peke yake chumbani.

Mtu aliyepotewa na akili atakumbuka vipi mihogo ya mzee wa Adu? Alikumbuka kila kitu, wallahi, kila upuuzi alioletewa. Kilichopotea ni hesabu tu, na ilipotea palepale, kila mara, kilipolia kile kidude.

Kidude chenyewe aliletewa na Zeina mwaka na nusu uliopita. Hakukiomba. Akatiwa kwenye kundi la ukoo, kundi la harusi, kundi la darsa ya akina mama, kundi la maji ya mtaa, na kundi la wazazi wa madrasa, ambako hana mtoto wala mjukuu. Alitiwa tu, na kutoka ni kususa. Basi kuna watu wakifumbua jicho, kabla hata ya kutawadha, wamekwisha kutuma waridi lenye salamu. Na salamu, tangu utoto alifundishwa, kuitoa ni suna, kuijibu ni wajibu. Mwanzo alijibu chache. Siku moja matangani, Sahla akasema mbele ya wanawake wote, "Wifi yangu siku hizi hajibu salamu, sijui kiburi amekitoa wapi." Aibu ile ilimchoma mpaka kwenye mfupa. Tangu siku hiyo alijibu zote, za kila mtu, moja moja, kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Aliyefiwa alimpa pole, aliyezaa alimpa hongera, mgonjwa alimwombea. Sindano chini, simu juu. Simu chini, sindano juu. Kikulacho ki nguoni mwako, na chake alikuwa amekifunga mwenyewe kwenye pindo la leso.

Jumatatu aliweka bakuli na kokwa za tende mkekani. Kila simu ikilia, kokwa moja bakulini. Baina ya alfajiri na adhuhuri zilifika arobaini na tatu. Akaitazama na saa ya ukutani. Kujibu kulimchukua dakika moja. Lakini kukirudisha kichwa mpaka kiketi, mpaka ijulikane ametoka tundu la ngapi na anakwenda la ngapi, robo saa. Na robo saa haijesha, kinalia tena. Hata kiliponyamaza alijikuta ametega sikio kukisubiri. Mshika mawili moja humponyoka. Yeye alishika arobaini na matatu, kisha anashangaa kofia imemponyoka!

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakapiga mvumo. Alijifunga buibui, akaenda nyumbani kwa Maalim Amin, anayewasomesha darsa akina mama na aliye pia katika lile kundi, akamkuta uani anamwagilia mkomamanga.

"Maalim, nijibu kwa ufupi. Watu mia wako kwenye kundi. Mmoja katoa salamu. Sote mia tujibu?"

"Akijibu mmoja, Bi Rayhana, imewatosha wote. Hiyo inajulikana."

"Inajulikana na nani?"

Maalim alicheka kidogo, akaona uso wa mwenziwe, akaacha kucheka. "Na salamu uliyoandikiwa peke yako, ijibu kwa ulimi ulipo, utakuwa umeitekeleza."

"Mwaka na nusu, Maalim! Mwaka na nusu unaniona najibu kila alfajiri kama karani, wewe mwenyewe umo mle ndani, hukuniambia!"

"Hukuuliza, Bi Rayhana. Mimi nilidhani wapenda."

Alirudi bila kuaga. Nyumbani aliifunga simu ndani ya kitambaa, tabaka mbili, akafunua pipa la mchele, akaisukuma mpaka chini, akafunika. Jioni, baada ya kuswali isha, angeitoa ampigie Zeina, waulizane hali, kisha airudishe. Makundi hakuyafungua tena. Alikata kitambaa kipya, akachukua sindano nene, na wiki zilikuwa zimebaki nane na ushei.

Juma la kwanza lilikuwa jehanamu. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye pindo la leso, ukapapasa, ukarudi mtupu. Alikosea ua la kwanza mara mbili, akatupa vipande viwili vya kitambaa, akalia kwa hofu kwamba labda ni kichwa kweli na simu anaisingizia. Juma la pili ule mvumo wa masikio ulipungua. La tatu, asubuhi moja, alitoboa ua zima na nusu ya jingine, akainua uso akaona kivuli cha mlango kimehama. Hakukumbuka kujikumbusha hesabu. Ilikuwa imekuja yenyewe, kama zamani, mamake akiwa hai na akili zake. Rakaa nazo zilirudi.

Aliyeliharibu jambo ni Sahla, nani mwingine? Juma la nane alikuja na kadi ya harusi, akajipeleka jikoni kunywa maji, na pipa la mchele likalia. Bi Rayhana chumbani alisikia kimya. Sahla akanyamaza! Alifunua pipa, akafukua mchele akaona, akafunika, akatoka taratibu akamshika mwenyeji mkono, akasema, "Pumzika, wifi yangu, pumzika," kwa machozi. Hakufika hata barabarani kabla ya kumpigia Zeina. Alimwambia kwamba mamake hajibu salamu za ukoo wiki nane sasa, amewasahau watu wote, na simu anaificha kwenye pipa kama nyanyake alivyoficha ufunguo.

Zeina alifika Jumanne, harusi ikiwa Ijumaa. Alishuka na begi tupu, kubwa, la kutilia nguo za mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Begi la nani hilo?"

Zeina alilisukuma begi nyuma ya mlango. Ni mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, anauza mabuibui kwa simu, na simu zake ni mbili, moja ya nyumbani, moja ya biashara. Alizipanga juu ya mkeka mbele ya magoti yake. Bi Rayhana alikuwa amebakiza ua moja, la kumi na sita. Kofia ilikuwa mapajani, nyeupe, nzuri, imebakisha uwazi wa vidole vitatu tu.

"Mama, usinikasirikie. Nataka nikuulize mambo kidogo. Kuna namna ya kumpima mtu kumbukumbu, nimesoma. Nitakutajia maneno matano. Tuzungumze mengine, kisha nikuulize unitajie."

"Kama mtoto wa chuo."

"Mama, tafadhali."

"Taja."

Zeina aliangalia darini akayatafuta. "Kinu. Ijumaa. Mbuzi. Chandarua. Komamanga."

"Nimesikia."

"Haya. Sasa niambie, mama, unalala vizuri?"

Simu ya biashara ikalia. Zeina akainua kidole kuomba radhi, akaandika. Ikalia ya nyumbani. Akaisikiliza, akacheka kidogo, akajibu. Mteja akataka rangi nyingine, Zeina akarudia kwa sauti, "Ya kahawia," akatuma picha. Mteja wa pili akasema mkono mrefu mno, Zeina akasema utakatwa. Bi Rayhana alimtazama, sindano imesimama. Ile saa ya ukutani ilihesabu dakika kumi na mbili.

"Samahani, mama. Tulikuwa tunasema nini?"

"Ulikuwa unaniuliza kama nalala."

"Ndiyo. Unalala?"

"Nalala. Niulize maneno yako."

"Haya, yataje."

"Yataje wewe kwanza. Nijue kama nitapata."

Zeina alitabasamu, ile tabasamu ya kumchukulia mgonjwa. "Kinu," alisema. "Ijumaa..." Akatazama dari palepale alipoyatoa. "Kinu, Ijumaa... mkeka?"

"Sikusikia mkeka mimi."

"Ngoja, mama. Kinu. Ijumaa." Mikono yake ilianza kuzitafuta simu, ikajizuia. Uso ulimbadilika.

"Kinu, Ijumaa, mbuzi, chandarua, komamanga," alisema Bi Rayhana. "Na mteja wako wa kwanza anataka ya kahawia, wa pili umemwambia mkono utakatwa. Na vitundu nimetoboa mia mbili hamsini na tano, vimebaki kumi na saba. Umekuja na begi la kumchukua nani, Zeina?"

Alitaka kuendelea. Wiki nane za hasira zilikuwa zimempangia maneno, ya Zeina na ya Sahla na ya ukoo mzima, na yote yalikuwa makali. Lakini Zeina alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, na mabega yalikuwa yakitikisika.

"Nilimsahau mwanangu," alisema mle ndani. "Wiki jana. Nilimwacha chuo cha Kurani mpaka magharibi. Nilikuwa najibu wateja, nikawa najua, mama, najua kabisa, kwamba nimeshamrudisha nyumbani. Nikamkuta amekaa ngazini na mlinzi. Si mara ya kwanza mimi kusahau. Nikasema ni ile ya nyanya. Nikasema imeanza kwangu." Akavuta pumzi. "Aliposema shangazi kwamba na wewe umeanza, nilishukuru, mama. Mungu anisamehe. Nilishukuru kwamba ni kwako, si kwangu."

Neno hilo lilimpiga Bi Rayhana palipouma. Alilijua. Ndilo alilokuwa akilala nalo miezi mitano, na sasa alilisikia kwenye kinywa cha mtoto aliyemzaa, ambaye hata mvi moja hana.

Hakumkumbatia. Hakuwa mwanamke wa hivyo. Alinyanyuka, akazichukua simu mbili, akaenda nazo jikoni, na Zeina aliposema "Mama, wateja," akajibu kutoka hukohuko, "Watakufa uchi?" Pipa likafunguliwa, likafungwa. Akarudi, akaketi, akaiweka kofia juu ya goti.

"Kumi na saba," alisema. "Mimi nitatoboa, wewe hesabu. Kwa sauti. Ukikosea, Hilal anaingia kwenye nikahi na kofia kilema, na Sahla ataitangaza mpaka Maskati."

"Hesabu wewe, mama. Wewe unajua."

"Nimekwambia hesabu."

Zeina alijifuta uso. Sindano ikaingia. "Moja," alisema. Ikaingia. "Mbili. Tatu." Sauti ilikuwa nyembamba, kisha ikakaa sawa. "Nne. Tano. Sita. Saba. Nane. Tisa."

Jikoni, ndani ya mchele, ikalia. Moja, kisha ya pili, kisha ya tatu, zikipokezana. Zeina aligeuza shingo na mwili wote nusu ukanyanyuka. Bi Rayhana alimshika kifundo cha mkono, akamkalisha.

"Tumefika wapi?"

Zeina alikodolea macho vile vitundu. Vilikuwa vidogo, vimekaribiana, na bila hesabu havisomeki. "Sijui, mama."

Bi Rayhana alijua. Alikwisha kutoboa tisa, na cha kumi kilikuwa tayari kwenye ncha ya sindano. Hakumtajia. Aliisubirisha sindano, akauweka ukucha wa kidole gumba kwenye kitundu cha kwanza.

"Anza tena," alisema.

Pipa likalia tena. Zeina alifumba macho, akayafumbua juu ya ukucha wa mamake, akaanza moja.